Hadithi za wachezaji: ndani ya wiki ya gemu au nje?

Swali ni kama hadithi wanazotunga wachezaji zikae kwenye wiki ya gemu, yaani tovuti ya maelezo ya gemu inayoandikwa na wachezaji wenyewe. Kijana mmoja hapa Mwanga, Kigoma, alimaliza bando lake jioni nzima akipanga vitalu vya dhahabu ndani ya gemu ya Minecraft, akimsubiri Herobrine atokee. Hakutokea. Herobrine hajawahi kuwemo kwenye gemu hiyo. Ni kisa kilichobuniwa na kuenezwa na wachezaji mwaka 2010. Ukurasa wa wiki aliousoma ulikichanganya na maelekezo ya kweli, bila alama yoyote.

Kuziweka hadithi ndani kuna uzuri wake, sikatai. Mtunzi anathaminiwa, na kisa kizuri hakipotei. Tena Herobrine alivuma mpaka Mojang, watengenezaji wa gemu, wakawa wanaandika kwenye orodha zao za mabadiliko kwamba wamemwondoa. Kisa kilichofika hapo kinastahili ukurasa, mradi sentensi ya kwanza iseme ni cha kubuni.

Hadithi zilizobaki naona zikae nje, kwenye wiki yao peke yao. Anayeuliza mbwa mwitu wa ndani ya gemu anafugwa kwa kitu gani anataka jibu moja: mfupa. Asipepete kurasa tatu za ngano kwanza, bando ni hela. Pale Kibirizi dagaa na migebuka hutoka ziwa lilelile, ila muuzaji haweki fungu moja. Na mtunzi huko nje yuko huru. Hakuna mhariri wa kumfutia aya kwa kuwa haithibitiki.

Yule kijana sasa anaandika kisa chake, cha mtumbwi unaorudi usiku bila wavuvi. Nimemwomba akiweke huko.