HandBrake na video za harusi: uzoefu wangu hapa Wete

Mimi napiga video za harusi hapa Wete, Pemba. Zamani kazi ikimalizika naitia kwenye flashi, nampa mtu anayepanda boti, jamaa wa Unguja wanaipokea bandarini. Walioko Muscat ndio wakisubiri mpaka mtu asafiri. Siku hizi kila mmoja anaitaka WhatsApp. Ukiituma kama video ya kawaida inabanwa tena huko huko, bibi harusi aliyepambwa siku nzima anafika uso umevurugika. Ukiituma kama dokumenti inafika ilivyo, ila isizidi GB 2. Kamera yangu hurekodi Mbps 24 (megabiti 24 kila sekunde), yaani saa moja ni karibu GB 11.

Ndipo nikapakua HandBrake, programu ya bure ya kubana video. Faili moja la saa nzima nililijaribu kwa H.264, mtindo wa kubana video wa tangu 2003, likashuka mpaka GB 1.9. Kwa H.265, uliotoka 2013 kwa ahadi ya picha ileile kwa nusu ya uzito, likawa GB 1 na kidogo. Nikaziweka mbili pamoja kwenye televisheni, sikuona tofauti.

Siri yenyewe ni kwamba hazihifadhiwi picha zote nzima nzima. Inawekwa moja kamili, kisha kwa zinazofuata kinaandikwa kilichobadilika tu. Shehe anapoozesha, watu wamekaa kitako, ukuta mweupe nyuma yao, hapo inabanika vizuri mno; H.265 inaweza kuuchukua ukuta ule kwa vipande vya pikseli 64 kwa 64, wakati H.264 mwisho wake 16 kwa 16. Subiri sasa wanawake wainuke na kanga zao wacheze. Maua, nukta, mikono, hakuna kilichotulia, na ukibana kupita kiasi vinatokeza vijiboksi.

Nikajiona fundi. Nikamtumia shangazi yangu Micheweni ile ya H.265. Akanipigia: "Mwanangu, sauti naisikia, bibi harusi mwenyewe simuoni." Simu yake ya zamani haiujui mtindo ule. Kijana mmoja akamwekea VLC, programu ya kuangalizia video, picha ikaja, lakini inakwamakwama na simu inawaka moto mkononi.

AV1, mtindo mwingine wa kubana, nayo nimeijaribu. Ni ya 2018, haina ada ya hataza, na faili lilipungua zaidi. Kwanza nilikosea: niliacha ubora kwenye namba 22 niliyoizoea kwa H.264, kumbe vipimo havifanani, faili likatoka zito. Namba ikipanda faili hupungua; nilipopandisha mpaka 32 ikakaa sawa. Ila kompyuta yangu ni kuukuu, niliianzisha baada ya Isha, alfajiri bado feni inalia. Na ndugu wa Muscat wengi wana iPhone; za kabla ya 15 Pro hazina chipu ya kufungua AV1, ila H.265 wanaiangalia bila tabu.

Kwa hivyo programu naisifu, haijanidai senti wala kuniwekea nembo yake juu ya kazi yangu. Ninachofanya sasa ni kumuuliza mteja simu za watu wake kabla sijabana. Muscat naipeleka H.265. Wazee wa huku H.264 ya 720p, yaani picha ya vipimo vidogo.

Shangazi nilimtengenezea yake, kaipata Ijumaa. Jioni akapiga tena: picha safi, ila kwa nini sikukiondoa kile kipande alipoteleza na sinia la biriani?