Patro wa mchanga kaniharibia uwanja wa farasi

Ndugu zangu wa L'shi, hapa Lubumbashi, mnaofuga farasi, najua hatuko wengi, hii ni ya kwenu. Kuna patro mmoja, bosi wa kamyo, yaani malori ya mchanga, anazunguka akisema anatengeneza viwanja vya farasi. Jina lake sitaji ila akifika kwako utamjua tu, kabla hujamaliza kumsalimia ameshakuambia utanunua kamyo ngapi.

Udongo wetu mnaujua. Mvua ikikata, toka mwezi wa tano hivi, ule mwekundu unakauka, unapasuka, unagoma hata jembe, ni udongo uleule wa kichuguu tunaochomea matofali, sasa mpandishe mtoto juu ya farasi apige galo, zile mbio kali, hapo, kila hatua unasikia mlio wa kwato mpaka unamuonea farasi huruma. Halafu mwezi wa kumi na moja mvua inarudi na palepale panakuwa utelezi. Njo maana nikamuita.

Nikamueleza taratibu kabisa: kwanza ukwangue majani na ule udongo laini wa juu, upe mteremko kidogo, asilimia moja au mbili, maji yapate pa kwenda, kisha kokoto za kusagwa sentimita kumi mpaka kumi na tano, ushindilie na rola mpaka zikae, utandike kile kitambaa cha kuzuia udongo usipande, na mchanga unakuja mwisho, tena mchanga wenye pembe, punje zisizo za mviringo, sentimita tano zinatosha kuanzia. Yeye macho kwenye simu. Nilipotaja kitambaa akacheka, "Weye mama, mafarasi yako inalalaka na shuka?" Vijana wake nao wakacheka. Halafu akanyanyua kichwa, akaangalia kule nyumbani, akauliza: "Muzee wa nyumba eko wapi, nizungumuze naye?"

Muzee wa nyumba! Farasi ni wangu, franga ni zangu, na huyo muzee anayemtafuta anaogopa farasi, hata karoti anawatupia kwa mbali. Nikamjibu utazungumza na mimi. Akasema, "Mama, weye unajua farasi, miye minajua udongo."

Basi siku ya kazi mi niko mjini nahangaika na mambo ya benki, narudi jioni nakuta ameshamwaga. Hakuna kukwangua wala mteremko, kokoto hata moja sikuona. Mchanga wa mto, juu kwa juu, kwenye udongo mgumu vilevile na majani yake chini. Na mwingi! Uwanja wangu ni mita 20 kwa 40, pigeni hesabu wenyewe, sentimita 5 ni mita za ujazo 40, yeye kaweka karibu 12, hiyo ni 96, na ankara inahesabu kila mita. Hapo njo nikaelewa ule ujuzi wake wa udongo.

Mchanga wa mto punje zake zimelainishwa na maji, hazishikani, zinabingirika kama gololi. Jike langu, farasi mtulivu kuliko wote, alipokata kona mguu wa nyuma ukaondoka na mchanga wote, chini pakabaki udongo mwekundu mtupu unang'aa, na mstari wa kwato umechorwa juu yake. Mtoto aliyempanda alishikilia manyoya ya shingo, Mungu alisaidia. Kesho yake naweka kiganja kwenye mguu wa mbele, nyuma pale mshipa wa kano unapopita, moto! Mchanga wa kina kile anautembea kwa kuvuta, mishipa inaumia. Nampigia patro, ananiambia mchanga ni mchanga, mama.

Tusiseme uongo, bei yake haikuwa mbaya, na dereva wake ni kijana wa heshima, alinisaidia hata kufunga geti. Mchanga wenyewe ni safi. Mtu anayejenga nyumba amuite tu, mi ningempa nyota nne bila shida. Labda tatu. Lakini kila nikikumbuka "muzee wa nyumba eko wapi", na lile jicho lake la kunipita kama mi ni mti, hapana, hata wa kujenga msimuite, atamwaga kwenye msingi wa jirani na atamuuliza jirani bwana yake yuko wapi. Sifuri.

Saa hii vijana wanautoa na burueti, yaani toroli, tufike kwenye udongo wenyewe kabla ya mvua, maana ikinyesha juu ya hiyo supu kwato zitachanganya vyote viwili na hapo hata kuchota haitawezekana. Mwenye kujenga upande wa njia ya Kipushi, mchanga uko lundo getini, nauza nusu bei. Mje na kamyo yenu, ila isiwe ya yule.