Pikipiki ya kupenda: kabla hujalipa, tazama vioo vya pembeni

Miezi saba nimekaa na pikipiki nisiyoipenda. Niliinunua mpya, nyekundu, cc 150, kwenye duka moja hapa Arusha, na siku ya kwanza nilisimama uani nikiitazama kama mtoto mwenye nguo za Idi. Jumamosi iliyofuata nikaenda nayo Moshi kwa mama, kilomita kama 80. Nilipofika Boma Ng'ombe vidole vilishakufa ganzi. Mama aliponipa chai, nilikishika kikombe kwa viganja vyote viwili kama mgonjwa. Tangu hapo naipeleka sokoni tu.

Kwa hiyo sitasema habari za ulaji wa mafuta wala spidi. Hayo fundi yeyote wa kijiweni atakueleza bure. Mimi nasema mtetemo. Pikipiki zetu nyingi zina pistoni moja, na pistoni moja ikipanda na kushuka hutikisa kila kilichofungwa nayo. Viwanda vingine huweka shafti ya kusawazisha inayozunguka kinyume na kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), vingine hufunga mipira kwenye vikanyagio na vyuma vizito kwenye ncha za usukani. Vingine havihangaiki. Dukani hutaujua, maana injini ikinguruma bila gia inasikika vizuri tu. Panda, fika mwendo wa 60, kisha tazama kioo cha pembeni. Ukiona gari la nyuma limegeuka ukungu, usinunue, hata kama rangi imekuteka.

Chaguo langu la kwanza ni Honda CG125, na mapenzi yangu kwake siyafichi. Ni pikipiki ya miaka ya 1970, na wahandisi wake waliziendesha valvu kwa fito badala ya cheni ya ndani ya injini, wakijua kwamba mwenye nayo hatakwenda kwa fundi kila wiki. Binamu yangu anayo aliyoachiwa na baba yake, mwalimu mkuu aliyeipanda kila asubuhi kwenda shule. Hata leo ikisikika kijijini kuna wazee wanaonyanyua kichwa wakidhani Mwalimu anapita. Nimeipanda hadi Usa River na kurudi, na kioo kilitulia kama maji mtungini. Nikiipata iliyotunzwa, ile nyekundu yangu naiuza siku hiyohiyo.

Ya pili ni Yamaha AG100, pikipiki ya shamba hasa: kerieri mbele na nyuma, cheni imefunikwa yote vumbi lisiingie. Inataka oili pamoja na petroli na inatoa moshi, lakini ukiikalia tu unajiona mtu wa safari ndefu.

Royal Enfield naiweka ya tatu kwa shingo upande. Jina la Bullet lipo tangu 1932, na mlio wake unaingia kifuani. Injini mpya ya 350 iliyokuja na Meteor mwaka 2020 ina ile shafti ya kusawazisha. Tatizo ni kwamba fundi wangu hajawahi kuifungua hata moja.

Boxer na TVS HLX zina spea kila kona. Anayebeba abiria achukue. Ila ukiiegesha kati ya wenzake nje ya soko, unaitambua yako kwa kusoma namba. Za bei ya chini zaidi, zipime kwa kioo kama nyingine.

Wauzaji ndio wanaoniumiza. Niliomba kuijaribu nikaambiwa haijasajiliwa, haiwezi kuingia barabarani. Sawa, sheria ni sheria, basi wekeni hata moja ya majaribio yenye namba! Na bei niliyotajiwa ilikuwa ya chuma tu. Usajili juu yake, kofia ngumu juu yake, na "maandalizi" juu yake, yaani kutia oili na kufunga vioo. Wakati nahesabu fedha, vioo hivyo vilikuwa bado vimefungwa ndani ya boksi.