Uzoefu wangu: miaka sita ya kununua riwaya za kale za fantasia katika matoleo ya nakala chache

Ninaishi Leicester, nchini Uingereza, na kwa miaka sita sasa nimekuwa nikidunduliza fedha kwa ajili ya kitu ambacho ndugu zangu bado wanashangaa kinanunuliwaje kwa bei hiyo: riwaya za kale za fantasia, yaani hadithi za ulimwengu wa kubuni wenye maajabu na uchawi, zilizochapwa kwa nakala chache. Vijana wanaozipenda riwaya hizi huniuliza kama gharama hiyo inastahili, na jibu langu limebadilika sana tangu nilipoanza. Inastahili pale mtu anaponunua kazi ya mikono. Anaponunua uchache peke yake, haistahili.

Kitabu ninachokithamini kuliko vyote nilivyonavyo ni The King of Elfland's Daughter cha Lord Dunsany, kilichotolewa London na Putnam mwaka 1924 kwa nakala 250, kila moja ikiwa na saini ya mwandishi na ya mchoraji wake, Sidney Sime. Nililipa pauni 540 kwa muuzaji wa vitabu vya kale, baada ya kumwomba picha za mgongo, za pembe zote nne na za ukurasa wenye saini, naye akanitumia zote siku ile ile bila kunung'unika. Ukipitisha kidole juu ya maandishi unahisi herufi zilivyoikandamiza karatasi. Kitabu kinafunguka na kutulia mezani bila kushikiliwa, kwa sababu kurasa zake zimeshonwa kwa uzi, fungu kwa fungu, na pembezoni pameachwa nafasi pana inayolipumzisha jicho. Nilikisoma chote kwa usiku tatu, na sikujutia hata mara moja kukigusa. Dunsany alizoea kuandika kwa kalamu ya unyoya, na saini yake kubwa inaonekana kama imechorwa. Saini ya Sime nayo si pambo la kuongezea tu, kwani wawili hawa walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi, na katika The Book of Wonder ya mwaka 1912 mchoraji ndiye aliyetangulia kuchora picha, kisha mwandishi akazitungia hadithi. Saini mbili za namna hiyo zikikaa kwenye ukurasa mmoja, najua ninachokilipia.

Fantasia na vitabu vya nakala chache vimefuatana tangu zamani. Mwandishi na msanifu wa Kiingereza William Morris alipoanzisha Kelmscott Press, kiwanda chake cha uchapaji, huko Hammersmith, London, mwaka 1891, kitabu chake cha kwanza kilikuwa hadithi yake mwenyewe ya namna hii, The Story of the Glittering Plain, nakala 200 za karatasi na sita za velamu, yaani ngozi ya ndama iliyokwanguliwa na kukaushwa. Mwaka 1896 akatoa The Well at the World's End, chenye michoro ya Edward Burne-Jones, nakala 350 za karatasi na nane za velamu. Nakala zilikuwa chache kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa nzito: herufi alizozibuni mwenyewe, karatasi iliyotengenezwa kwa mkono katika kiwanda cha Joseph Batchelor huko Kent, na mitambo ya kuchapia iliyoendeshwa kwa nguvu za mikono. Bei ya vitabu hivyo siiwezi. Hata hivyo jumba la makumbusho la William Morris Gallery, Walthamstow, halitozi kiingilio, na ndiko nilikojifunza kuutazama ukurasa. Laiti ningefika huko kabla sijatoa pauni yangu ya kwanza.

Siku hizi wachapishaji wadogo wa Marekani na Uingereza aghalabu hutoa riwaya moja kwa madaraja. Juu kabisa huwa na nakala 26, kila moja ikipewa herufi yake kuanzia A hadi Z. Chini yake nakala mia kadhaa zenye namba. Kisha nyingine zisizo na namba, kwa bei nafuu. Mwandishi akiwa marehemu, kama ilivyo kwa riwaya nyingi za kale, anayetia saini ni mchoraji au mwandishi wa dibaji, na mara nyingi hakioni hata kitabu chenyewe: hupelekewa karatasi tupu, akazitia saini, kisha zikaingizwa wakati wa kujalidi. Kuna pia haki ya namba, ambayo humtengea mnunuzi namba ile ile katika kila kitabu kinachofuata, mradi alipe kwa wakati. Kwa mchapishaji mmoja nilikuwa na namba 173, nami kwa hofu ya kuipoteza nilinunua vitabu vitatu, viwili kati ya hivyo vikiwa riwaya ambazo sikuzipenda wala sijazimaliza.

Kitabu cha tatu nilikilipia chote kabla hakijachapwa. Kilichelewa miezi 14, kikafika ndani ya boksi kubwa mno lisilo na vizuizi vya kutosha, pembe moja ya jalada imebonyea hadi ngozi ikapasuka. Nilipolalamika nilijibiwa kwa adabu kwamba nakala zote zenye namba zimekwisha kuuzwa na hakuna ya kubadilishia, hivyo nichague kurudishiwa fedha zote au kubaki na kitabu na kurudishiwa robo. Nilichukua robo, na huo ulikuwa uamuzi mbaya, kwa sababu nilipokichunguza kwa utulivu niligundua kwamba chini ya lile jalada la kupendeza kurasa zilikuwa zimeshikizwa kwa gundi tupu, bila uzi wowote. Sasa, kabla ya kulipa, huuliza kama kurasa zimeshonwa, kisha huuliza ngozi ni ya mnyama gani, kwa maana ile inayotengenezwa kwa mabaki yaliyosagwa na kugandishwa huanza kubanduka mapema.

Utunzaji nao una gharama zake. Sisi tuliokulia pwani tunaijua koga, na nilidhani kwamba baridi ya huku ingenisalimisha. Kumbe ukuta wa nje wa nyumba yangu hutoa unyevu kila majira ya baridi. Nimelihamishia kabati kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha na mbali na kipasha joto, kwa kuwa hewa kavu nayo huipinda velamu.

Kwa asiye na mamia ya pauni, ningemshauri atafute The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien katika toleo la Folio Society, wachapishaji wa London, la mwaka 1977, juzuu tatu, ambalo nakala zake si chache na hazina namba. Picha zake zilibuniwa na Ingahild Grathmer, jina la uficho la Malkia Margrethe wa Pili wa Denmark, kisha zikachorwa upya na Eric Fraser. Yangu niliipata kwa pauni 65, na ndiyo ninayoisoma mara nyingi kuliko vitabu vyote vilivyomo kabatini.

Haki ya namba 173 nimeiachia mwezi uliopita. Fedha ambayo ingeingia huko naiweka kwa ajili ya Time and the Gods ya Dunsany, toleo la mwaka 1922, nakala 250, yenye saini zile zile mbili.