Karwashi yenye mtego wa mafuta, Nyalenda, Kisumu: mashimo mazuri, sabuni nyingi mno

Gari dogo ni shilingi 300, bei kidogo juu ya wale wanaoosha ukingoni mwa ziwa. Hiyo nyongeza inalipia mashimo matatu ya zege chini ya wavu, na yanafaa.

Shimo la kwanza hunasa mchanga. La pili mafuta huelea, na maji hutoka kwa bomba la inchi 4 lenye kiwiko kilichoinamishwa chini, ili yavutwe kutoka katikati, si juu. Bila kiwiko hicho, mafuta yanapita moja kwa moja. La tatu linapeleka maji kwenye bomba la maji taka, si mtaro wa mvua unaoishia ziwani. Hilo ndilo la maana zaidi, kwa sababu utando wa mafuta huzuia hewa kuingia majini na sabuni huunguza matamvua ya samaki.

Kasoro? Vijana wanamimina sabuni kwa macho. Ikizidi, inavunja mafuta kuwa matone madogo yasiyoelea, na mtego unabaki pambo. Waambie wapime kwa kifuniko, na injini isafishwe kwa brashi na vitambaa kwanza. Chungulia pia shimo la kwanza: mchanga ukifika theluthi ya kina, maji hupita mbio na mafuta hayapati muda wa kupanda. Siku ya ukaguzi wetu ulikuwa umefika nusu.

Oili chafu huwekwa kwenye mtungi wenye kifuniko. Safi. Nyota tatu kati ya tano.