Kliniki ya wazee iliyotuambia mama hana dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), ana sonona (ugonjwa wa huzuni nzito)
Jamani wenye wazazi wazee someni hii. Mama ana miaka 74, tangu baba afariki akawa hali, halali, anasahau sufuria jikoni mpaka inaungua, hospitali ya kwanza dakika 5 tu tukaambiwa ni dimenshia, mzoeeni. Iliniuma sana. Tukampeleka kliniki ya wazee hapa Dar, dokta kakaa naye karibu saa nzima, maswali 15 ya hisia zake kama huzuni, kamwambia achore saa kupima akili inavyofanya kazi, damu ikapimwa vitamini B12 na tezi ya shingoni. Kila swali la kumbukumbu mama anajibu "sijui mwanangu, kichwa kimekufa", hata hajaribu. Dokta akasema mwenye dimenshia mara nyingi anabahatisha jibu au haoni kama anasahau, na inamnyemelea mtu kwa miaka, ya mama imeanza ndani ya wiki chache. Kumbe sonona! Dawa na maongezi, miezi miwili baadaye anakuna nazi mwenyewe na kunigombeza chumvi imezidi. Foleni ndefu na bei imechangamka, ila nyota 5 nawapa. Tunarudi baada ya miezi 6 apimwe tena kumbukumbu, maana sonona ya uzeeni wakati mwingine ndio dimenshia inaanza.