Uzoefu wangu wa kuweka vijachini vya slaidi kwa LibreOffice Impress

Mimi ni katibu wa chama cha ushirika wa akiba na mikopo, na kila mkutano mkuu wa mwaka unapokaribia ndiye ninayeandaa slaidi za taarifa ya bodi na za hesabu zilizokaguliwa. Katika kazi hiyo nimejifunza kuuheshimu mstari mdogo wa chini ya slaidi, ule unaobeba jina la chama, tarehe na namba. Mwanachama aliyeketi nyuma ya ukumbi akisema turudi kwenye ile slaidi yenye jedwali, hakuna anayemwelewa, kwa kuwa majedwali ni mengi. Lakini akisema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba turudi slaidi ya 14," ukumbi mzima unajua anazungumzia nini, na anayeandika muhtasari anainukuu namba hiyo hiyo. Kwa hiyo tathmini yangu ya Impress inahusu kijachini peke yake.

Impress ni programu ya slaidi iliyomo ndani ya LibreOffice, ambayo The Document Foundation imekuwa ikiisimamia tangu 2010, na inapatikana bila malipo. Kuweka kijachini ni kazi ya muda mfupi: unafungua menyu ya Insert, unachagua Header and Footer, na dirisha dogo linafunguka likiwa na visanduku vya kutiki kwa ajili ya tarehe, maandishi ya kijachini na namba ya slaidi. Kuna pia kisanduku cha kuzuia mambo hayo yasionekane kwenye slaidi ya kwanza, ambacho mimi hukitiki kila mara, kwa sababu slaidi ya jalada tayari ina jina la chama kwa herufi kubwa. Ukimaliza, unachagua kama unataka mabadiliko yaingie kwenye slaidi uliyoifungua au kwenye slaidi zote.

Kwenye tarehe ndipo mtu anapaswa kutulia. Chaguo moja huiacha tarehe ijibadilishe kufuata saa ya kompyuta, na jingine huifunga kama ulivyoiandika. Kwa slaidi za mafunzo yanayorudiwa mara kwa mara, la kwanza linafaa. Kwa mkutano mkuu, la pili ndilo pekee linalokubalika, kwa sababu faili hiyo hiyo hufunguliwa tena miezi kadhaa baadaye, pale mkaguzi au afisa ushirika anapotaka kuona wanachama walionyeshwa nini, na tarehe inayojibadilisha itaifanya taarifa iliyosomwa Machi ionekane kuwa ni ya Oktoba. Ninachokipenda zaidi ni kwamba kisanduku cha tarehe isiyobadilika hupokea maandishi yoyote. Naandika "Jumamosi, 22 Machi 2025" kwa Kiswahili, kompyuta iwe imewekewa lugha gani, na hakuna anayenilazimisha kutanguliza mwezi kwa mtindo wa Marekani.

Dirisha hilo, hata hivyo, halikuruhusu kuchagua fonti, rangi wala mahali pa kijachini. Kwa hayo lazima uingie kwenye slaidi kuu, yaani kiolezo kinachoamua mwonekano wa slaidi zinazokifuata, kupitia menyu ya View na kisha Master Slide, na ningependa dirisha lenyewe limweleze mtumiaji hivyo, maana mgeni anaweza kuhitimisha kwamba jambo hilo haliwezekani na akaanza kuandika kijachini kwa mkono kwenye slaidi mojamoja. Ndani ya slaidi kuu, kwa kawaida, tarehe iko kushoto, maandishi katikati na namba kulia. Jina la chama chetu ni refu na lilikuwa likikatika mistari miwili. Nilikipunguza kisanduku cha tarehe, nikazivuta kingo za kile cha katikati mpaka jina likakaa kwenye mstari mmoja, kisha nikachagua rangi nyeusi kabisa. Kijivu hafifu hupendeza kwenye kompyuta, lakini ukumbini, madirisha yakiwa wazi mchana, projekta hukifuta kisionekane. Faili ikiwa na slaidi kuu zaidi ya moja, marekebisho haya yanafanywa kwa kila moja peke yake.

Jambo lililonifanya nibaki na Impress ni namba. Ukiwa kwenye slaidi kuu unaweza kuweka kishale baada ya alama ya namba, ukaandika mkwaju, kisha kupitia Insert na Field ukaingiza jumla ya slaidi. Slaidi zote zitasoma 14/32, 15/32 na kuendelea, na ukiongeza slaidi moja usiku wa kuamkia mkutano, jumla inajirekebisha yenyewe. PowerPoint ina dirisha la kijachini linalofanana sana na hili, lakini haina namna ya kuingiza jumla inayojihesabu. Ukiiandika kwa mkono, lazima ukumbuke kuibadilisha. Google Slides huweka namba za slaidi kwa urahisi, ila maandishi ya kijachini yanapaswa kuandikwa ndani ya mandhari ya slaidi. Wanachama wetu wanaithamini jumla hiyo kwa sababu wanajua wako wapi katika taarifa na wanapanga maswali yao mapema.

Vitini vya kugawa mlangoni vina kichupo chao katika dirisha lile lile, na huko unapata pia kijajuu, ambacho slaidi zenyewe hazina. Mimi huweka jina la mkutano kwenye kijajuu na namba ya ukurasa chini, kisha nachapisha slaidi tatu kwa kila ukurasa ili mwanachama apate nafasi ya kuandika. Namba ya ukurasa wa kitini na namba ya slaidi ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo mwenyekiti huwaomba wanachama mwanzoni kabisa watumie namba ya slaidi. Kazi ya kuchapisha naipeleka kwenye duka la steshenari ikiwa katika PDF, kwa sababu kompyuta ya dukani ikikosa fonti niliyotumia, jina la chama hurudi kukatika mistari miwili.